Saumu ya Karani

Mimi ndiye niliyesema kwamba kinyonga wangu anafunga Ramadhani. Nilisema kwa kinywa changu, mchana kweupe, wala sikulazimishwa na mtu. Naanza na hilo ili usije ukadhani namsingizia Saida. Saida ana yake, na nitayasema, lakini hili ni langu.

Tulikuwa Majengo, Thika, mwaka wa hamsini na nane. Kazi yangu ilikuwa kushona. Cherehani ilikaa mlangoni, mimi nyuma yake, na nyuma yangu vyumba viwili nilivyokaa na kaka yangu Swaleh tangu mume wangu alipogundua kwamba hewa ya Machakos inamfaa zaidi. Swaleh alikuwa na bucha sokoni. Alikuwa mtu mpana, mkarimu, mwenye kicheko cha kusikika hadi stesheni, na kila Ramadhani alikula mchana. Ikifika saa saba, bucha inabaki na nzi peke yao, na ukimtaka Swaleh unakwenda hotelini kwa Erastus, karibu na daraja la Chania, unafunua pazia la nyuma. Yuko hapo na chai ya maziwa na sahani ya githeri, mahindi na maharagwe. Mama yetu alikufa akimwombea. Mimi nilikuwa nimemsema miaka saba, ulimi ukachoka, nikaacha.

Na nilikuwa na kinyonga, dume, mwenye pembe tatu puani. Nilimwita Karani kwa sababu hakuweza kuweka mguu mahali kabla hajafikiri, akaurudisha, akafikiri tena. Miaka miwili alikaa kwenye ua wa michongoma mbele ya mlango wangu. Nikishona, alinitazama kwa jicho moja na barabara kwa jicho la pili, na nzi akitua karibu alimmaliza bila kuomba ruhusa. Nilimpenda, na sioni haya kusema. Alikuwa mwanaume wa kwanza kukaa pale nilipomwacha.

Siku moja kabla ya mwezi kuandama, wakaja watu wa serikali na mapanga, wakakata nyua zote za upande wetu wa barabara. Nilimwokoa Karani kwenye tawi la mwisho. Nikamtia ndani, katika kabati la nyama la Swaleh, lile la wavu wa kuzuia nzi, nikampa kijiti cha kupandia, panzi watano na bakuli la maji safi. Nilisimama nikalitazama kabati lile nikaona nimemjengea nyumba ya kifalme.

Siku ya kwanza ya mfungo hakula. Ya pili hakula. Ya tatu akaja Saida.

Saida ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na huyo hana kitu kibaya. Mumewe hakoromi. Mpera wake hauna funza. Siku hiyo alikuja kunieleza habari za jogoo wake.

"Shoga, yule jogoo sasa anawika saa ya daku," alisema. "Barabara kabisa. Hajapitiliza hata siku moja. Maalim mwenyewe amesema anamsikia."

Mimi nilikuwa na njaa, nilikuwa na magauni kumi na mawili ya Pasaka ya kushonea wanawake wa Ruiru, na pindo la gauni la tano lilikuwa limenipinda. Nikasema bila hata kuinua macho, "Wangu anafunga."

"Nani wako?"

"Karani. Tangu mwezi uandame hajatia kitu mdomoni. Tazama panzi hao wanapita mbele yake. Hata maji hagusi."

Saida akaenda kutazama. Karani alikuwa amekaa kwenye kijiti, mweusi mweusi, macho yamefungwa, na panzi mmoja amempanda mgongoni. Saida alisimama pale muda mrefu, kisha akatoka bila kutaja jogoo tena. Sitaficha kwamba nilijisikia vizuri sana.

Kufikia alasiri Majengo yote ilijua. Watu walikuja wawili wawili, wakavua viatu mlangoni, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya walipokuja kupimwa suruali. Maalim Idarous, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, alikuja naye na fimbo yake, akachungulia kwenye wavu, akasema kwa upole kwamba mnyama hajaandikiwa saumu. Alipofika kona, maneno yake yalikuwa yamekwisha geuka: Maalim amesema hakuandikiwa, kwa hiyo anafunga kwa hiari yake.

Wangeishia hapo ningecheka nikasahau. Lakini siku ya nne Swaleh alirudi nyumbani saa saba badala ya kwenda kwa Erastus. Alikuwa amesahau kisu. Akasimama mbele ya kabati lake la zamani akamtazama Karani, Karani naye hakufungua hata jicho.

"Huyu kweli hajala?" aliniuliza.

"Hajala."

"Na panzi wote hawa?"

"Unawaona."

Swaleh akakaa chini sakafuni, mtu mzima wa kilo mia na kitu. "Mpaka kinyonga," alisema. Akachukua kisu chake akarudi bucha. Jioni ile, adhana ilipoingia, alimeza tende tatu kabla hajaketi, na nikajua kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kwamba kaka yangu amefunga.

Alifunga kesho yake. Akafunga na keshokutwa. Siku ya saba Erastus alikuja mwenyewe kutoka darajani na aproni yake, kuuliza kama Swaleh ni mgonjwa. Nilimwambia hapana, amefunga, akaondoka akitikisa kichwa, maana alikuwa amezoea kupika githeri ya watu wawili. Mimi nilirudi kwenye cherehani nikalia kidogo juu ya kitambaa cheupe cha mtu. Miaka saba ya kumsema, na kinyonga amemaliza kazi kwa kunyamaza.

Sasa nieleze ujinga wangu wote. Karani alikuwa anazidi kuwa mweusi, na mimi nikisema hiyo ni rangi ya unyenyekevu. Alifumba macho kutwa nzima, nikasema yuko kwenye uradi. Alipoanza kuyumba kwenye kijiti nikasema saumu imemkolea, hata Swaleh anayumba. Watu wakiniuliza anafuturu nini, nilisema anakula daku, peke yake, hataki kutazamwa. Na kweli kila asubuhi panzi walikuwa wamepungua. Nikileta watano jioni, asubuhi nawakuta wawili. Hilo lilinituliza moyo.

Siku ya kumi na tatu, Jumatano ya kabla ya Pasaka, nilikuwa nakunja magauni ili niyapeleke Ruiru. Nilipolikung'uta la Mama Waceke, lenye mikono ya puto, akaruka panzi. Nikakung'uta mkono wa pili, wakaruka wawili. Ndani ya bunda la kitambaa niliwakuta wengine, wanono, wametoboa kola mbili. Pembeni mwa kabati wavu ulikuwa umeachia, na wote niliomletea walikuwa wametoka hapo kwa miguu yao. Karani hakuwa amekula hata mmoja. Si daku, si futari, tangu nilipomtia ndani.

Nikafungua kabati nikamtoa. Zamani ukimshika, vidole vyake vilikubana kama kibanio cha nguo. Sasa vililegea tu. Macho yake, yale yaliyokuwa yametokeza kama vikuba viwili, yalikuwa yamezama ndani. Ngozi ya ubavuni ilijikunja, na nilipoikunjua haikurudi. Alikuwa anakufa mkononi mwangu, na nilikuwa nimekaa siku kumi nikipokea pongezi.

Wa kumwuliza hakuwapo Majengo, maana Majengo yote ilikuwa na msimamo wake juu ya Karani. Nilimkumbuka Ngendo. Ngendo alikuwa mchuma kahawa kule Ruiru, ndiye aliyenikusanyia kazi ya magauni ya wenzake, na hakuna mtu aliyekuwa anaogopa vinyonga kama yeye. Kwao kinyonga, kĩmbu kwa lugha yao, ni kisirani, mdudu aliyepewa habari njema na Mungu akachelewa njiani. Alipokuja kwangu mara ya mwisho, siku aliyokuwa na kibali cha kusafiri, maana Hali ya Hatari ilikuwa haijaisha, alipimwa kifua akiwa barabarani, mimi nikimfuata na utepe, kwa sababu Karani alikuwa kwenye ua. Lakini mtu anayeogopa kitu hivyo, na kushinda kutwa nzima na mikono ndani ya mibuni, hukijua kitu hicho vizuri. Lazima akione kabla hajakigusa.

Nilimtia Karani kwenye kikapu juu ya magauni, nikapanda treni. Kabla ya Juja alikuwa amepata nguvu ya kutoa kichwa nje ya kitambaa, na bwana mmoja aliyevaa tai alihama behewa bila kuchukua gazeti lake. Niliomba dua njia nzima, na nusu ya dua ilikuwa ya kuomba msamaha.

Ngendo alikuwa kwenye mstari wa nje wa shamba, karibu na laini za nyumba za wafanyakazi. Aliniona kwa mbali akafurahi, akaona kinachotembea kwenye ukingo wa kikapu, akarudi nyuma ya mbuni.

"Tausi, simama hapo hapo," alisema. "Hapo. Usiongeze hata hatua."

"Ngendo, ni mgonjwa. Nisaidie."

"Mimi? Nisaidie kĩmbu?" Nilikuwa nimeanza kulia, na Ngendo hapendi kuona mtu akilia. Kichwa chake kikatokeza juu ya majani. "Haya. Inua yeye juu. Geuza. Upande ingine. Ngai, hiyo macho yake imeingia ndani hivyo tangu lini?"

"Siku nyingi. Na anafumba mchana."

"Kĩmbu hafumbi macho mchana. Hiyo inafumba usiku tu, na usiku inakuwa nyeupe, mimi naonanga. Mchana inakuangalia mpaka unaskia vibaya. Ikifumba mchana, hiyo inaenda. Amekula nini?"

"Hajala. Na maji nimempa bakuli zima, hagusi."

Ngendo akasahau kujificha. "Bakuli? Wewe umeona kĩmbu anakunywa kwa bakuli kama ng'ombe? Hiyo haioni maji imekaa. Inaona maji inaanguka. Asubuhi umande ikiwa kwa majani, ndio nawaona wote wanalamba, na hapo ndio mimi sichumi mpaka jua itoke. Huyu ana kiu, Tausi. Umemfungia kwa nyumba na kiu."

Nilikaa chini kwenye udongo mwekundu na gauni langu safi. Kiu. Wiki mbili nimemtazama kiumbe anakufa kwa kiu nikamwita mcha Mungu.

Ngendo alinielekeza kutoka pale alipo, akipaza sauti, kama nyapara. Mweke kwenye tawi. Si hilo, lile lenye jua kidogo na kivuli kidogo. Chovya majani kwenye debe. Yashike juu ya jani lililo mbele ya mdomo wake. Sasa dondosha. Polepole, Tausi, usimwogeshe, hiyo si mtoto wa ubatizo. Tone, ngoja. Tone, ngoja.

Nilidondosha hadi mkono ukafa ganzi. Karani hakusogea. Tone la kwanza lilimteremka puani likaanguka. La kumi likaanguka. Nilianza kuhesabu kwa sauti ili nisilie, na baada ya arobaini hivi jicho moja likafunguka, mstari mwembamba tu. Likageuka. Likatazama tone lililoning'inia kwenye ncha ya jani. Kisha mdomo ukafunguka, polepole kama alivyofanya mambo yake yote, akaliuma lile jani na maji yake, akameza.

"Anakunywa," nilisema.

"Naona," alisema Ngendo. Alikuwa amefika hatua nne kutoka kwetu, mikono imeshika kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeangalia treni ikipita juu ya daraja bovu. "Anakunywa kweli. Angalia, hata mimi nimefurahi. Ni nini hii."

Alikunywa karibu nusu saa. Sisi wawili tulicheka bila sababu, kisha kwa sababu, nilipomweleza habari ya saumu. Ngendo alicheka hadi akashika mbuni, na kila akitaka kunyamaza alimtazama Karani akaanza upya. Alipotulia, ndipo akanipa masharti. Asirudi ndani. Akae kwenye mti, jua la asubuhi limpate. Maji ya kudondosha asubuhi na saa sita, kila siku, mpaka macho yajae. Panzi wadogo, mmoja mmoja, na wote mchana.

"Siwezi kumpa usiku?" niliuliza.

"Usiku hiyo inalala. Hata umuwekee harusi hataamka."

Nilielewa maana yake nikiwa kwenye treni ya kurudi. Nyua zilikatwa, mti pekee uliobaki karibu nami ni mpera wa Saida. Karani atakunywa na kula saa sita mchana, katikati ya Ramadhani, kwenye mpera wa Saida, mbele ya Majengo yote. Hilo la aibu yangu ningelimeza. Lililonikaa kooni ni Swaleh. Leo ilikuwa siku yake ya kumi.

Nilifika jua likizama. Mkeka ulikuwa umetandikwa uani, na Maalim Idarous alikuwa amealikwa kufuturu kwetu, yeye na Saida na mumewe asiyekoroma. Swaleh alikuwa anagawa uji. Alikuwa amekonda shingo, na alikuwa mzuri kutazama. Niliwaacha wapate tende na funda la kwanza, maana habari kama ile haisemwi kwa wenye njaa. Kisha nikamtoa Karani kikapuni nikamweka kwenye goti langu.

"Huyu hakufunga," nilisema. "Alikuwa mgonjwa. Ana kiu tangu nilipomtia kabatini, na mimi nilisema amefunga kwa sababu ya jogoo wa Saida. Leo mchana amekunywa maji Ruiru. Kesho mchana atakunywa tena, la sivyo atakufa. Saida, naomba mpera wako."

Saida alifungua mdomo, na nilingoja yale niliyostahili. Lakini alimtazama Karani, ngozi yake ilivyokunjamana, akasema tu, "Upande wa mashariki una majani mengi."

Maalim alikohoa. "Hata angekuwa amefunga," alisema, "mgonjwa ana ruhusa."

"Na hizo siku atalipa lini?" aliuliza mume wa Saida, na Maalim akajifanya hakusikia.

Ningecheka, lakini nilikuwa namtazama Swaleh. Alikuwa ameweka bakuli chini.

"Siku kumi," alisema. "Siku kumi nimemeza mate, dada. Nimekata nyama ya watu nikiona nyota. Nilikuwa najiambia, Swaleh, kinyonga anaweza, wewe utashindwaje. Kumbe nilikuwa namwiga mgonjwa."

Nikamwambia nisamehe. Akasema hakuna neno, kwa sauti ya mtu mwenye neno kubwa, akainuka, akatoka barabarani. Uji wake ulipoa pale mkekani. Nilikuwa nimemwokoa Karani nikampoteza Swaleh, na sikuweza kujuta lile la kwanza ili nilipate la pili.

Asubuhi nilipoamka alikuwa amekwisha ondoka. Nilimpandisha Karani mperani, nikamdondoshea maji, akanywa kidogo. Nikajaribu kushona. Saa saba ilipogonga sikuweza kukaa. Nilikwenda sokoni, bucha ilikuwa imefungwa. Nikaenda hadi darajani kwa Erastus, nikapita katikati ya meza bila salamu, nikafunua pazia la nyuma. Palikuwa na benchi tupu na sahani ya githeri iliyofunikwa.

"Hata leo hajakuja," alisema Erastus nyuma yangu. "Nilisikia mdudu amefungua saumu, nikajua Swaleh atarudi. Nikapika."

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, nikapitia uchochoro wa nyuma, kwa Saida. Swaleh alikuwa chini ya mpera. Alikuwa amesimama juu ya debe la mafuta lililopinduliwa, mkono mmoja ameshika kopo la maji, mwingine ameshika kishungi cha majani, anadondosha. Tone, anangoja. Karani alikuwa amemwinulia uso, mdomo wazi, ubavu umeanza kurudia kijani. Midomo ya Swaleh ilikuwa mikavu, imepasuka, na kila tone lilipoanguka koo lake lilipanda likashuka tupu. Maji yalikuwa yakimtiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko, na hakuyalamba.

Nilisimama pale nikitafuta la kusema. Aliniona kwa pembe ya jicho.

"Usinisemeshe, dada," alisema. "Mate niliyobaki nayo ni ya kunifikisha magharibi."

Nikamshikia kopo.